Umri wa Behewa

Jalada ni jembamba. Karatasi kumi na moja, pini imeshika kutu.
Jamhuri dhidi ya Lameki Chidosa, Mpwapwa.
Kosa: nati na bolti za reli, kilo kumi na nne,
zilizokutwa ndani ya kiroba cha sukari,
zikapimwa kwa mnunua vyuma chakavu, kwa mzani wa karanga.
Umri: paliachwa wazi.
Kisha mtu, kwa kalamu nyingine, akajaza kumi na nane.

Chumba cha watoto hakina kizimba.
Siku hiyo sikai juu. Polisi huja bila magwanda,
tunazunguka meza kama watu wanaongoja ugali,
na bado kijana hukaa ukingoni mwa kiti
kama msafiri asiye na tiketi.

Daktari alipiga picha ya kiganja chake,
akaandika: kati ya kumi na saba na kumi na tisa.
Kumbe hata mifupa ina mawakili.

Nikamwita mama, Foibe Nhonya.
Akaapa, akafunga kanga upya.
"Mheshimiwa, miaka siijui mimi. Nayajua maji.
Huyu kazaliwa mwaka maji yalipobeba reli hapo Gulwe.
Treni ililala siku nne.
Nilikuwa nauza viazi vya kuchemsha madirishani,
uchungu ukanishika beseni likiwa kichwani.
Wanawake wa Kigoma wakanivuta ndani, daraja la tatu,
mmoja akakata kitovu kwa wembe wa mumewe.
Nyumbani hatumwiti Lameki.
Tunamwita Behewa."

Kijana akainama.
Mara ya kwanza kumwona na haya,
na haikuwa haya ya bolti.

Nikaandika: jina laweza kuwa cheti.
Nikakata mstari juu yake.
Maana mimi pia nimekulia bonde hili,
na reli ya Gulwe imebebwa mara ngapi?
Yalipita, wakajenga. Yakapita tena, wakajenga.
"Maji yapi, mama?"
Akanitazama kama aliyeulizwa mtoto wake ni yupi.
"Yale makubwa."
Wakili wa serikali akakohoa kuficha kicheko.

Basi nikawaandikia watu wa reli:
tafadhali, tarehe zote ambazo treni ililala Gulwe.
Huu ni mwezi wa tano. Kimya.
Afisa ustawi ameleta taarifa yake kwa pikipiki,
kurasa zimelowa pembeni.
Anasema bolti hazikufunguliwa na mtu.
Kijana alizifukua mchangani,
mto ulikozitema.
Mwendesha mashtaka anasema chuma cha reli ni cha reli
hata kikiwa tumboni mwa mamba.

Na mimi? Mimi nimeahirisha mara sita.
Kila nikiahirisha anarudi mahabusu ya wakubwa,
kwa sababu ya ile kalamu nyingine.
Sihesabu tena kwa kalenda.
Mwezi wa pili suruali yake ilifika kwenye kiatu.
Mwezi wa nne ilifika kifundoni.
Juzi niliuona ugoko, una kovu jipya,
nikamuuliza jina, akajibu kwa sauti
ambayo sikuwahi kuisikia humu chumbani,
sauti ya mtu wa kunyoa ndevu.

Shaka ni mali ya mtoto. Nilijua tangu siku ya kwanza.
Nilitaka barua. Nilitaka muhuri wa mtu mwingine
ukae mbele ya wangu.

Usiku huu umeme umekatika, nimewasha simu,
nimepiga mstari juu ya kumi na nane.
Nikaandika: mshtakiwa ni mtoto.
Kalamu ikasita kwenye lile "ni".
Sheria hutazama siku ya kosa, si siku ya hukumu,
kwa hiyo ni sahihi kuandika,
na nimeandika,
mshtakiwa alikuwa mtoto.

Pembeni ya nilipofuta nimeweka saini ndogo,
kama taratibu zinavyotaka.